Naomba ushauri: fonti nene yenye mikwaruzo, kwenye bango na fulana

Ndugu wabunifu, habari zenu. Natengeneza bango la tamasha la muziki, na kichwa chake kitachapwa pia kwenye fulana kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia wavu. Nimechagua fonti nene ya herufi kubwa tupu, iliyochakaa kama chapa ya herufi za mbao: kingo zimemeguka, na ndani ya weusi kuna vitobo na mikwaruzo. Ikiwa kubwa inapendeza mno, ina ukali ambao fonti safi haiupati.

Shida ni kwamba jina la tamasha lina A tatu, na zote zina mkwaruzo uleule mahali palepale. Jicho linagundua upesi, na uchakavu unaonekana wa kubandika. Kwenye fulana ya majaribio nako, vitobo vidogo vimezibwa na wino.

Nimegeuza maandishi kuwa vekta (mchoro wa mistari inayounganishwa na nukta) ili nihariri kila A kwa mkono, lakini nukta ni nyingi hadi programu inakwama. Nikizipunguza, kingo zinalainika, nami naupenda ule ukali wake. (Tarehe na ukumbi nimeviandika kwa fonti safi, hapo sina shaka.)

Je, nitumie fonti safi yenye umbo kama hilo, kisha nipitishe tabaka moja la mikwaruzo juu ya neno zima, au nitafute fonti yenye maumbo mbadala kwa kila herufi? Na mnaochapa fulana, kitobo kiwe na upana wa milimita ngapi angalau ili wino usikizibe?