Rivolva na bastola ya magazini: ipi inatua pale ulipolenga? Tupeane uzoefu

Mlengaji wa Nkuhungu
Wakuu, heshima kwenu. Juzi kijiweni Majengo ulizuka ubishi. Mmoja anashikilia kwamba rivolva, ile yenye silinda ya matundu ya risasi inayozunguka, haikosi, na kwamba hizi za magazini, zinazobeba risasi kwenye kasha ndani ya mpini, ni za kumwaga risasi tu. Mwenzake anasema rivolva ilishaisha zama zake. Nikiwasikiliza, naona wote wanasimulia walichosikia kwa watu.

Mimi namiliki kwa kibali na nimepiga zote mbili, kwa hiyo naweka msimamo wangu mapema: tofauti kubwa haiko kwenye mtutu, iko kwenye triga, yaani kifyatulio. Ukiibana rivolva nzuri kwenye stendi ya kupimia, kisha ukaibana na bastola nzuri ya magazini, zote zitakusanya matundu karibukaribu kuliko mikono ya wengi wetu inavyoweza. Kinachotawanya risasi ni sisi. Lakini je, ipi inatusaidia tutulie? Nataka waliopiga uwanjani chini ya mkufunzi watueleze walichokiona. Wa kwenye sinema tupisheni kidogo.

Mzee wa Kikuyu
Mwanangu, umegusa penyewe. Nimefundisha askari shabaha mpaka nikastaafu, na hili la triga ndilo lililokuwa linanilaza macho.

Rivolva inapigwa kwa namna mbili. Ya kwanza unaivuta nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, kwa dole gumba mpaka inashika. Hapo triga inabaki nyepesi, kilo moja na nusu hivi, na mwendo wake ni mfupi sana. Ukipiga hivyo polepole, mita 25, rivolva inakupa matundu ya kujivunia. Namna ya pili unavuta triga peke yake, na triga hiyohiyo inazungusha silinda, inanyanyua nyundo, kisha inaiachia. Sasa unavuta kilo nne, tano, tena kwa mwendo mrefu. Rivolva yenyewe ya mtutu wa inchi 4 ina kama kilo moja. Yaani kidole kinavuta mzigo mara nne au tano ya uzito wa silaha, na mkono uleule unatakiwa kuituliza. Huyo aliyesema rivolva haikosi bila shaka aliipiga kwa namna ya kwanza, bila mtu kumharakisha.

Bastola za magazini za siku hizi, Glock kwa mfano, triga yake ni kama kilo mbili na nusu, risasi ya kwanza sawa na ya mwisho. Ndiyo maana kurutu anaizoea haraka.

Ila kwa kufundishia, rivolva sijaona mfano wake. Nilikuwa namgeuzia kurutu mgongo, naweka risasi matundu mawili matatu, mengine nayajaza maganda matupu, nazungusha silinda na kuifunga. Anapiga: paa! Paa! Mara nyundo inaangukia ganda tupu: ka. Uwanja mzima unaona mtutu umezama chini kushoto, bega limeruka, macho yamefumbwa, na risasi haikuwepo. Kabla ya hapo alikuwa analalamika saiti, zile alama za kulengea juu ya silaha, imepinda. Nimeona wanaume wa miraba minne wakiitazama silaha ile mkononi, wamenyamaza kabisa. Tunarudia zoezi mpaka nyundo iangukie tupu na saiti ya mbele isicheze hata kidogo. Kuanzia siku hiyo mtu anapiga vizuri silaha yoyote utakayompa.

Binti Chamwino
Shikamoo mzee. Nasimamia walinzi, wakiwemo akina mama wanne, na naongeza jambo ambalo wanaume huwa hawalitaji: ukubwa wa kiganja. Bastola ya magazini yenye risasi 15 au 17 ina mpini mnene, kwa sababu risasi zimepangwa safu mbili. Mwenye kiganja kidogo kidole hakifiki vizuri kwenye triga, kinaishia ncha tu, na akivuta anaisukuma silaha pembeni. Mlinzi wangu mmoja alikuwa anatawanya risasi ubao mzima mpaka wakaanza kumwambia hana kipaji. Nikamwombea bastola ambayo mgongo wa mpini unabadilishwa, tukaweka ule mwembamba. Wiki hiyohiyo matundu yakaanza kukaa pamoja. Mpini wa rivolva unaweza kufungua skrubu moja na kuweka mwingine, hapo imeshinda.

Mzee wa Kikuyu
Marahaba binti. Hilo ni kweli tupu, na wengi walifukuzwa kozi kwa sababu ya mpini.

Fundi Chuma Area C
Mimi si fundi wa silaha, ni mtu wa mashine za kuchonga vyuma, ila jamaa yangu mwenye kibali alinialika uwanjani nikaangalia kwa jicho la fundi. Mtutu wa rivolva umekazwa kwenye fremu, hausogei. Bastola nyingi kubwa za 9 mm mtutu unashuka kidogo kila risasi kisha unarudi na kujifunga. Ukifikiri haraka utasema rivolva lazima ishinde. Lakini risasi ya rivolva inaanzia kwenye tundu la silinda, inavuka upenyo mwembamba, kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita, ndipo inaingia mtutuni. Kila tundu lazima lisimame sawa na mtutu. Kwa hiyo una silaha sita zinazotumia mtutu mmoja.

Jamaa yangu alikuwa na rivolva ya zamani iliyokuwa inatupa risasi moja pembeni kila raundi, naye akajilaumu yeye. Tukayaandika matundu namba kwa kalamu ya wino mzito, akapiga kila tundu kwenye karatasi yake, ameegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga. Tundu namba 4 peke yake ndilo lililokuwa linapeleka juu kulia, kila mara. Mwenye rivolva iliyochoka afanye hivi kabla hajauza.

Kijana wa Makutupora
Wakuu, JKT nimepiga SMG (bunduki ya AK-47) tukiwa tumelala, na nilikuwa vizuri tu. Kwa nini bastola mita 25 inanitesa?

Mlengaji wa Nkuhungu
Mdogo wangu, ukiacha kulala na kitako cha begani, angalia umbali kati ya saiti ya nyuma na ya mbele. Kwenye SMG ni milimita 378. Bastola ya kawaida ni kama 150, na rivolva fupi ya kuficha ni 100 hivi. Saiti ya mbele ikihama milimita 1 tu, mita 25 mbele SMG inakosea karibu sentimita 7, bastola inakosea karibu 17, ile fupi inakosea 25. Mtutu mfupi unaweza kuwa safi kabisa na bado ukakuadhibu hivyo. Kaza jicho kwenye saiti ya mbele, shabaha iache ionekane ukungu.

Askari Pori
Nimefanya kazi pori la Swagaswaga, na Dodoma yenyewe mnaijua Julai na Agosti. Watu husema upepo unahamisha risasi. Kwa mita 25 risasi ya bastola haihamishwi kitu cha maana, kinachohamishwa ni mkono wako ulionyooshwa. Simama ukingoja upepo upungue, usiugombanie.

Vumbi nalo ni habari nyingine. Tunaambiwa rivolva haikwami. Inakwama. Chembe za mchanga zikiingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda inakaza, triga inakuwa nzito na ya kukwaruza, na hapo shabaha imeshaharibika kabla silaha haijagoma. Brashi ya meno chini ya nyota kila jioni, bila kusahau. Ya magazini ikijaa vumbi inagoma waziwazi, unajua.

Kondoa Moja
Mnasifia rivolva, ila risasi ya pili je? Ya magazini slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, inapunguza teke, unarudi kwenye shabaha mapema. Rivolva ni risasi moja ya maonyesho, zilizobaki ni bahati.

Mzee wa Kikuyu
Kwa mtu wa kawaida nakubaliana na wewe. Hata Olimpiki ukiangalia mchezo wa kupiga haraka mita 25, risasi 5 kwa shabaha 5, raundi za mwisho sekunde 4 tu, wanatumia za magazini za risasi ndogo za .22. Lakini usiseme bahati. Jerry Miculek wa Marekani mwaka 1999 alipiga risasi 8 za rivolva kwenye shabaha moja kwa sekunde 1 kamili. Akapiga na 12, kajaza tena katikati, kwa sekunde 2.99. Zote kwa ile triga nzito niliyoieleza. Na Olimpiki ya kwanza Athens 1896, bastola ya kijeshi mita 25 waliibeba ndugu wawili Wamarekani, John na Sumner Paine, wa kwanza na wa pili, kwa rivolva.

Binti Chamwino
Mzee, nipe jibu la kazini. Walinzi wangu uwanjani wanakwenda kwa nadra na risasi ni ghali. Niombe ipi?

Mzee wa Kikuyu
Kwa mazoezi machache hivyo, omba ya magazini yenye triga ya namna moja na mpini unaowatosha mikono. Ukilazimika kuchukua rivolva, chukua ya inchi 4, na uwafundishe ile triga ndefu tangu siku ya kwanza, wasizoee kuvuta nyundo kwa dole gumba. Kisha wafanye mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bila risasi. Silaha imekaguliwa na watu wawili kwamba ni tupu, risasi zimefungiwa chumba kingine, wanalenga ukuta wa tofali. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi, au ganda tupu lisimame juu ya mtutu wa rivolva, avute triga bila kuliangusha. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Ila kama ni za .22 usizipige kavu hivi hivi, pini ya kugonga risasi inagonga mdomo wa chemba, tundu inamokaa risasi, na kuuharibu.