Wenye vibanda vya kujaza muvi Kigoma, kama mnatoza hela basi na mwenye kazi alipwe

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Filamu yetu tuliyoipiga Ujiji na Kibirizi inauzwa kwenye vibanda vya kujaza flashi hapa Mwanga. Nasema inauzwa lakini hata hapo nawapamba. Ukijaza za Kikorea tano, yetu unapewa kama nyongeza!

Kilichonichefua zaidi ni kwamba majina ya mwisho, ya wasanii, mpiga picha, mpaka aliyetuazima nyumba, wameyakata yote. Mahali pake wameweka namba yao ya simu. Halafu wamebandika nembo ya kibanda katikati ya skrini ili kibanda jirani kisiwaibie. Kumbe uchungu wa kuibiwa wanaujua vizuri tu.

Nikamuuliza kijana wa pale. Akanijibu kwa upole kabisa: "Bro, mi siuzi filamu, nauza kazi ya kujaza." Haya. Analipa umeme, analipa kodi ya chumba, simkatalii. Na sisi je? Mtumbwi tulikodi, mafuta ya injini tulinunua, jenereta tulikodi, na watu walikula kila siku ya kazi. Mwenye mtumbwi kalipwa, muuza mafuta kalipwa, kibanda kinalipwa. Aliyelia mbele ya kamera mpaka sauti ikakauka ndiye tunamwambia asubiri filamu itoke. Imeshatoka, ndugu zangu. Imepanda boti imefika mpaka Kagunga, sisi wenyewe hatujapanga hata siku ya kuionyesha.

Kuna mama aliyeigiza bibi mkorofi. Ujiji sasa hana raha. Watoto wanamwita kwa jina la kwenye filamu, sokoni wanampandishia bei kwa kuwa "wewe staa", ndugu wanakuja kukopa na akisema hana wananuna. Anauza mawese kwa chupa kama zamani. Juzi kaniuliza hela za muvi ziko wapi, maana kila anayekutana naye kaiona. Ningemjibu nini?

Najua wajuaji wanakuja. Wa kwanza atasema hatukusajili. Soma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999: kazi inalindwa tangu ilipoundwa, usajili ni wa kukurahisishia ushahidi. Wa pili atasema flashi zimeshalipiwa tozo. Kweli, tangu 2023 kuna tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia kazi. Hiyo ni ya kufidia nakala ambazo watu wanajitengenezea wenyewe. Haikumpa mtu kibali cha kufungua duka la jasho la wenzake. Wa tatu, huyu ndiye ananimaliza, atasema "tunawatangaza". Mnamtangaza nani na jina mmelikata?

Mwanafunzi anayerushiwa na mwenzie kwa Xender sina ugomvi naye. Hana hela na hajamuuzia mtu. Ugomvi wangu ni na anayepanga bei, wewe wa kibandani na wewe wa banda umiza unayetoza kiingilio Jumamosi usiku halafu unajiita mdau wa sanaa.

Sasa sikilizeni. Kila nakala mnayouza, mia mbili iende kwa walioifanya. Mkikubali nawaletea faili safi, maana hilo mnalouza sauti inakwaruza na dakika za mwisho picha inaganda. Namba yenu ya simu iacheni, lakini ije baada ya majina ya wasanii. Asiyetaka aifute. Nakala nimenunua kila kibanda ninachokijua, na mabango yenu nimeyapiga picha. Asiyenitafuta inbox wiki hii, tutakutana polisi.

Na mods, naomba msiuhamishie Burudani uzi huu.