Macho ya Mama na kadi ya Bima

Ijumaa jioni

Zubeda (Same): Assalaam alaykum ndugu zangu. Shangazi na Baba Mdogo, shikamooni. Naleta suala la macho ya Mama. Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana, na hilo sote tunalifahamu, lakini wiki hii nimegundua kwamba hata la kulia halioni vizuri pembeni. Mara mbili amejigonga kwenye fremu ya mlango wa jikoni, na jana aliliangusha birika lililokuwa kando tu ya mkono wake. Naomba tushauriane ni wapi tutampata daktari wa macho anayepokea kadi ya Bima ya Afya, kwa sababu mwezi uliopita tulikwenda hospitali moja binafsi, tukakaa foleni tangu asubuhi, na tulipofika dirishani tukaambiwa kuwa kadi inapokelewa kwa magonjwa mengine, ila huduma za macho hulipiwa fedha taslimu. Mama alirudi nyumbani kimya, na tangu siku hiyo anasema hataki kutusumbua tena.

Rajabu (Tanga): Waalaykumu salaam, Dada. Habari hii imeniuma. Mama ni mtegemezi wangu katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na kila mwezi inakatwa asilimia 3 ya mshahara wangu huku mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine, kwa hiyo hapaswi kabisa kujiona kama mtu anayeomba msaada. Tafadhali mwambie hivyo kutoka kwangu.

Baba Mdogo (Dar es Salaam): Mimi nashauri aje huku, apelekwe hospitali ya CCBRT pale Msasani, kwani kwa macho wanafahamika nchi nzima. Nitampokea mwenyewe stendi ya Mbezi.

Salma (Arusha): Shangazi, Baba Mdogo, shikamooni. Wifi Zubeda, pole sana. Kwa kuwa kazi yangu ni kwenye dirisha la bima, naomba nieleze jambo ambalo naliona likiwarudisha watu wengi nyumbani. Swali la "mnapokea bima?" halitoshi, kwa sababu hospitali inaweza kuwa na mkataba na Mfuko na bado isiwe na daktari wa macho, au ikawa na mtaalamu wa kupima miwani peke yake, ambaye kazi yake ni muhimu lakini hafanyi upasuaji wala si yeye wa kusimamia ugonjwa mzito wa jicho. Kabla ya kumpandisha Mama kwenye basi, piga simu mapokezi uulize mambo haya: je, kliniki ya macho inapokea kadi ya Mfuko kwa uchunguzi na kwa upasuaji, daktari bingwa wa macho mwenyewe anakuwepo siku zipi, na je, wanahitaji barua ya rufaa? Ukishajibiwa, andika jina la aliyekujibu pamoja na tarehe.

Orodha za zamani za hospitali zinazopokea kadi, zile zinazosambazwa kwenye simu, msizitegemee. Mnakumbuka Machi 2024, kitita kipya cha bei za Mfuko kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama, na watu walifika milangoni wakiwa na orodha zilizowaambia vinginevyo. Ukitaka uhakika, ofisi ya Mfuko ya mkoa itakueleza kituo kipi kina mkataba hai leo.

Shangazi Mwanaisha (Moshi): Marahaba wanangu. Zubeda, kabla hatujafika kwenye hospitali, nijibu maswali ya muuguzi mstaafu. Usiku akitazama taa, huona duara la rangi kuizunguka? Jicho linamuuma? Na kuna dawa yoyote anayotia?

Zubeda (Same): Duara amelitaja, Shangazi, nami nilidhani ni ule ukungu. Maumivu hayapo. Dawa ipo: ni chupa ya matone tuliyonunua duka la dawa macho yalipokuwa mekundu, na kwa kuwa wekundu uliisha haraka, ameendelea kuitumia kwa miezi kama mitano. Juu ya chupa pameandikwa Dexamethasone.

Shangazi Mwanaisha (Moshi): Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Deksamethasoni ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, lakini jicho likitiwa matone hayo kwa miezi bila kupimwa, shinikizo la ndani ya jicho linaweza kupanda pasipo maumivu yoyote, na mtoto wa jicho anaweza kukua upesi zaidi. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya wilaya ukiwa na chupa hiyo mkononi, daktari aamue namna ya kuiacha. Usiitupe, kwa sababu atataka kuisoma.

Isitoshe, mnamkumbuka marehemu mjomba wenu, kaka wa mama yenu. Tulisema amepofuka kwa uzee, lakini ilikuwa glakoma, ile ambayo watu huiita presha ya macho. Ugonjwa huo huanza kula uoni wa pembeni, mgonjwa haoni tofauti yoyote akitazama mbele, na kile kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. Kinachowezekana ni kuulinda uoni uliobaki. Mtoto wa jicho ni tofauti: lenzi iliyofifia hutolewa, ikawekwa ya bandia, na mtu akaona tena. Kwa hiyo ukungu wa jicho la kushoto ungeweza kusubiri kidogo, lakini hili la pembeni halisubiri. Nanyi mliovuka miaka 40, ugonjwa huu hutembea katika damu, kapimeni macho yenu pia.

Baba Mdogo (Dar es Salaam): Nimekuelewa, dada yangu. Basi safari ya Dar es Salaam niiweke kando.

Salma (Arusha): Ni heri, Baba Mdogo, na si kwa sababu ya umbali peke yake. Matibabu ya presha ya macho ni ya maisha, maana yake kliniki baada ya kliniki, na Mama anahitaji mahali anapoweza kurudi bila kutafuta nauli ya Dar es Salaam kila mara. Njia yake ya rufaa iko hapo jirani: hospitali ya wilaya ya Same, kisha Moshi, ambako kuna Mawenzi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC, ambayo ni ya kanda na ina idara kubwa ya macho inayofundisha hata madaktari bingwa. Daktari wa Same ndiye atakayeamua aende ipi kati ya hizo mbili.

Wifi, chukua kadi ya Mama na kitambulisho chake cha NIDA. Kadi ikishahakikiwa mapokezi, mwisho wa huduma utaletewa fomu ya madai uweke sahihi. Isome kwanza, na usiisaini ikiwa tupu, kwa kuwa sahihi yako ndiyo inayothibitisha kwamba huduma zilizoandikwa humo mmezipata. Miwani nayo iulizeni mapema, kwani Mfuko hugharamia miwani ya kusomea kwa utaratibu wake, si kila fremu iliyoko dukani.

Rajabu (Tanga): Asante sana, Shemeji. Nitapiga simu ofisi ya Mfuko Jumatatu nihakikishe kwamba kadi ya Mama iko hai. Dada, nauli na chakula nitatuma usiku huu.

Jumanne mchana

Zubeda (Same): Tumetoka hospitali ya wilaya. Kadi ilipokelewa, hatukulipa chochote. Shinikizo la macho limepimwa, na yote mawili yako juu, la kulia likiwa juu zaidi. Matone yale yamesimamishwa, amepewa mengine ya kushusha shinikizo, na barua ya rufaa imeandikwa kwenda KCMC. Nimewapigia kama alivyoelekeza Wifi: kadi wanaipokea kliniki ya macho, na nimetajiwa siku ya kumwona daktari bingwa wiki ijayo. Nilipomsomea Mama ujumbe wa Rajabu, aliomba nimsomee mara ya pili, kisha akaniuliza gauni lake la safari liko wapi.

Rajabu (Tanga): Alhamdulillahi. Ofisi ya Mfuko nao wamethibitisha kuwa kadi iko hai.

Shangazi Mwanaisha (Moshi): Laleni kwangu usiku wa kuamkia kliniki, msisafiri alfajiri. Siku hiyo watamtia matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa mwanga utamsumbua na hataona sawasawa, kwa hiyo Zubeda usimwachie mkono hata kidogo, na mletee kofia pana. Matone mapya asiruke hata siku moja. Chupa ile ya zamani njoo nayo pia.

Zubeda (Same): Iko ndani ya mkoba wa Mama tayari, pamoja na barua ya rufaa.