Mama mwenye magoti mabovu ataweza ziara ya mguu Matera, mji wa mapangoni?

MtotoWaKondoa
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Niko Italia mwaka wa sita sasa. Mama anakuja Septemba, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ana miaka 68. Ngazi anapanda, ila taratibu, akishika ukuta. Nimepania kumpeleka Matera, kule kusini ambako watu waliishi kwenye mapango yaliyochongwa mwambani. Mama amekulia kwenye tembe, mbuzi na ndama wakilala nyumba hiyohiyo na watu. Niliposoma kwamba Matera familia zililala chumba kimoja na punda wao, nilimkumbuka yeye.

Ziara za kutembea na mwongozaji ni kama saa mbili hadi tatu. Ataweza, au nitamtesa mzazi wangu? Kiitaliano hajui, itabidi nimtafsirie.

Mwanabari
Mimi naishi Bari, Matera nimeenda mara nne. Mpeleke, lakini kwa mpango. Zile mitaa za mapango, Sasso Barisano na Sasso Caveoso, zimeshuka ubavuni mwa bonde la Gravina, kwa hiyo ni ngazi juu ya ngazi. Na mawe yamesuguliwa na nyayo za watu mpaka yanateleza hata siku ya jua kali. Mvalishe raba zenye meno, ndala hapana kabisa.

Anzieni juu, uwanja wa Piazza Vittorio Veneto, mshuke. Kurudi msipande kwa miguu, kuna bajaji za watalii. Kanisa la Santa Maria de Idris liko kileleni mwa mwamba, hilo mwache alitazame kutoka chini. Na kama mtatokea Bari kwa treni siku ya Jumapili, angalieni ratiba kwanza.

Kipanga77
Kwa magoti hayo mimi ningeacha ziara. Nenda naye kwa gari ng'ambo ya bonde, Murgia Timone, mji wote unauona umekaa mbele yako. Inatosha.

MamaWawili
Kipanga, kwa heshima, haitoshi. Ukiwa ng'ambo unaona mawe, huoni maisha. Mama huyu anatakiwa aingie ndani.

Mimi niliingia Casa Grotta, pango la Vico Solitario lililopangwa kama lilivyokuwa na wenyewe. Kitanda kirefu kwenda juu, kuku wakikaa chini yake. Hatua chache nyuma, hori la mnyama. Nilisimama pale nikashindwa kuongea.

La muhimu kuliko ngazi ni mwongozaji. Wapo wanaosimulia umaskini tu, kama watu wale hawakuwa na akili. Wakati waliochonga pale walijua kukinga kila tone la mvua! Chini ya ule uwanja wa kuanzia kuna birika la kuhifadhi maji, Palombaro Lungo, kina chake kama mita 15, limechongwa kwa mikono. Mwulize pia habari za sheria ya 1952, iliyowahamisha watu kama 15,000 wakapelekwa mitaa mipya kama La Martella. Viongozi waliita mapango yale aibu ya taifa. Mwaka 1993 UNESCO ikayaweka kwenye urithi wa dunia. Mwongozaji anayejua walivyoishi majirani wa ua mmoja, huyo ndiye wa mama.

Mwanabari
Naunga mkono. Lipia mwongozaji wa peke yenu hata kama bei imepanda. Kwenye kundi la watu 20 hutapata nafasi ya kutafsiri, na mama ataona haya kuomba kupumzika.

MtotoWaKondoa
Mungu awabariki. Nimeamua: mwongozaji wetu wenyewe, asubuhi, ziara ya muda wa saa moja na nusu tu, Casa Grotta lazima. Kipanga, na ng'ambo tutakwenda jioni kwa gari.

Jana nimempigia mama nikamweleza lile hori na kuku chini ya kitanda. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na moshi walikuwa wanautolea wapi?" Swali lake nimeliandika. Atamwuliza mwongozaji mwenyewe, mimi nitatafsiri.