Filamu ya wakulima wa bangi bila mtu kuuawa: itamshika mtazamaji?

Mkesha: Wakuu, naombeni macho yenu. Mwaka wa tatu huu nahangaika na mswada wa filamu ya uhalifu: waigizaji wanne, nyumba moja, bajeti ya kuungaunga, hakuna kampuni nyuma yangu. Mahali ni vilima vya Humboldt, kaskazini mwa California, Oktoba 2016, wakati wa mavuno. Dada wawili wamerithi shamba la bangi la baba yao. Novemba 8 wananchi wanapigia kura Proposition 64, ya kuhalalisha bangi kwa watu wazima, na mnunuzi wao wa miaka yote anasema atachukua mzigo wote kwa nusu bei, leo, kabla ya kura. Kila ninayempa asome ananiambia nimuue mtu kufikia ukurasa wa kumi. Moyo unakataa. Naona hofu imo ndani ya kazi yenyewe. Ning'ang'anie?

FundiPicha: Ng'ang'ania mkuu, ila hiyo kazi tuione. Anza na mikono. Anayepunguza majani kwenye ua la bangi, utomvu unamganda vidoleni hadi mkasi unagoma kufunguka. Anaufuta kwa spiriti, anaendelea. Halafu mvua. Ikinyesha maua yakiwa bado shambani, ukungu huanzia ndani. Kwa nje ua zima, ulipasue, katikati kijivu. Jasho la mwaka mzima limeoza na hakuna aliyefyatua risasi.

BintiPwani: Mimi napinga kidogo. Biashara hii ilikuwa ya noti mkononi. California iliruhusu bangi ya matibabu tangu 1996, lakini sheria ya shirikisho la Marekani iliendelea kuikataza, na benki nyingi zikaikwepa pesa yake. Kwa hiyo mapato ya msimu mzima yako hapohapo nyumbani, yamefukiwa kwenye bomba la plastiki nyuma ya banda. Wakivamiwa wamwite nani? Watu wanaoishi hivyo bila silaha sitawaamini. Bunduki iwepo. Isilie hata mara moja, lakini iwepo.

Sikio: Usisahau helikopta! Kuanzia 1983, kwa miaka mingi, zilipita juu ya vilima vile kusaka mashamba, katika operesheni iliyoitwa CAMP. Hao dada wamekua nazo. Kukodi huwezi, wala huhitaji: mlio wa mbali, vijiko vinatetemeka mezani, dada mkubwa anaacha kutafuna. Pesa yako ya kwanza mpe mtu wa sauti. Picha yenye giza watu huvumilia, sauti mbovu wanaondoka.

Mkesha: Nashukuru sana. Usiku huu nimeandika upya ule ukurasa wa kumi. Mnunuzi yuko barazani na mizani yake. Jikoni, dada mdogo anapasua ua moja, anakuta kijivu. Anatazama mlangoni. Analibana tena kwa vidole viwili, utomvu unalishika, analizamisha katikati ya mfuko. BintiPwani, bunduki nimeiweka kabatini. Mlango wa kabati haufungiki vizuri.