Mjadala: Treni za mzunguko wa Tokyo na Osaka, zibadilishwe mapema au zikarabatiwe mpaka zichoke?

Mwanareli:
Wakuu, habari za wakati huu. Nimeleta mada ya reli, ila safari hii si SGR wala TAZARA. Ni Japani.

Tokyo na Osaka kila mji una reli ya umeme inayozunguka katikati ya mji. Ya Tokyo ni Yamanote: kilomita 34.5, vituo 30, treni za mabehewa 11. Ya Osaka ni fupi kidogo, kilomita 21.7 na vituo 19, treni zake mabehewa manane. Mpaka 1987 zote zilikuwa chini ya shirika moja la taifa. Lilipovunjwa, Yamanote ikaenda kampuni ya JR East na mzunguko wa Osaka ukaenda kampuni ya JR West.

Zote ziliwahi kutumia treni ileile, toleo la 103, lililoanza kutengenezwa 1963 na kufikisha mabehewa zaidi ya 3,400. Tokyo wakaiondoa kwenye Yamanote mwaka 1988. Wakawa na toleo la 205, likaondoka 2005. E231-500 iliingia 2002, Januari 2020 nayo ikaaga. Leo ni E235. Osaka je? Toleo la 103 liliingia kwenye mzunguko wao 1969 na treni ya mwisho ikatoka Oktoba 2017. Miaka 48! Wala hawakuziacha ziozee njiani. Walibadilisha madirisha, wakafunga viyoyozi, wakakwangua kutu, wakapaka upya ile rangi ya chungwa, kazi ikaendelea.

Msimamo wangu ni kwamba Osaka ndio waliokuwa sahihi. Tokyo wanabadilisha treni kama vijana wanavyobadilisha simu. Anayepinga aje na hoja.

Fundi Chuma:
Mkuu, umeanza vizuri ila umeruka umeme, na umeme ndio mada yenyewe.

Toleo la 103 likifunga breki, mota zinageuka jenereta, lakini umeme unaozalishwa unapelekwa kwenye rezista chini ya behewa na kuishia kuwa joto. Umelipa umeme kuisukuma treni, halafu unauchoma kuisimamisha. Treni za kisasa zinaurudisha umeme huo kwenye waya wa juu, treni ya jirani inayoondoka kituoni inautumia. Sasa gawa kilomita 34.5 kwa vituo 30. Kila kilomita moja na kidogo unafunga breki, kutwa nzima, mwaka mzima. Hakuna reli inayofaidika na breki za namna hiyo kuliko ya mzunguko. Hesabu za JR East wenyewe zilionyesha kwamba toleo la 209 la mwaka 1993 lilitumia asilimia 47 tu ya umeme wa 103. Ukarabati wa rangi na viti hauwezi kukupa hiyo.

Mwanareli:
Fundi, nashukuru umeitaja 209 mwenyewe. Hiyo ndiyo treni iliyobuniwa kwa lengo la uzito nusu, bei nusu na maisha nusu. Miaka 13 hivi ikishatimia, isiwe hasara kuitupa. Wajapani wenyewe wakaipa jina la utani lililotokana na zile kamera unazotumia mara moja na kutupa. Ilikuwa Keihin-Tohoku, njia inayokwenda sambamba na Yamanote, na kufikia mwanzoni mwa 2010 walishaiondoa huko. Cha kuchekesha, sehemu ya hizo treni za "maisha nusu" ilikarabatiwa ikapelekwa rasi ya Boso, mkoa wa Chiba, na ikapiga kazi zaidi ya miaka kumi mingine. Nani aliyesema zimekufa?

Halafu kwa Osaka hoja yako inagusa 103 peke yake. Pale palikuwa pia na 201, toleo lililoanza 1979, na hilo tayari lilikuwa linarudisha umeme. Mbona nalo liliondolewa kwenye mzunguko Juni 2019, kisha likaendelea kubeba watu kwenye njia za kuelekea Nara? Lingekuwa bovu lisingepelekwa Nara.

DadaWaTennoji:
Kaka Mwanareli, shida ilikuwa milango. Mimi naishi huku Osaka, ngoja niwaeleze.

Simama Tsuruhashi saa mbili asubuhi. Kile ni kituo ambacho harufu ya nyama choma inakukuta jukwaani kabla hujashuka ngazi, na ndipo watu wanapobadilisha kwenda treni za Kintetsu, kampuni nyingine ya reli, kwa hiyo foleni haina mchezo. Zamani treni ya mzunguko ilikuwa na milango minne kila upande wa behewa. Inayofuata ni ya haraka, inatoka Nara, au uwanja wa ndege wa Kansai, au Wakayama, nayo ina milango mitatu. Sakafuni kuna alama tofauti za kupanga foleni. Wewe umejipanga kwenye alama ya minne, inaingia ya mitatu, mlango unafungukia pembeni kabisa na ulipo. Mwenye begi la safari ndiyo hajielewi hata kidogo.

Toleo jipya la 323, lililoanza 24 Desemba 2016, lina milango mitatu. Kwa hiyo sasa kila treni inayopita hapa ina mitatu, na ndipo ikawezekana kuweka vizuizi vyenye milango ukingoni mwa jukwaa. Huwezi kufunga mlango wa jukwaa usiolingana na mlango wa treni. Treni ya 201 ingekarabatiwa mpaka ing'ae, bado ingekuwa na mlango mmoja zaidi.

Mzee Kipanga:
Binti yangu, maelezo mazuri, lakini mimi nauliza kama mtu aliyekaa kwenye msongamano miaka mingi. Kupunguza milango kwenye reli ya mji ni kinyume cha akili. Tokyo walifanya kinyume chake: kuanzia 1991 kulikuwa na mabehewa ya Yamanote yenye milango sita kila upande, na asubuhi viti vilikunjwa ukutani, vikafungwa mpaka saa nne. Wote mnasimama. Haikuwa raha, lakini watu walishuka upesi. Sasa Osaka wanatuambia mitatu inatosha?

DadaWaTennoji:
Shikamoo mzee. Wameliona hilo, ila sisemi wamelimaliza. Behewa la nane, ambalo kwenye vituo vikubwa huwa karibu na njia za kutokea, limepunguziwa viti ili nafasi ya mlangoni iwe pana. Asubuhi ndilo linalojaa kuliko yote, na nyakati nyingine treni inakaa kituoni muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Hapo una hoja.

Lakini hayo mabehewa ya milango sita yako wapi leo? Tokyo walianza kuweka milango ya jukwaani Yamanote mwaka 2010, kituo cha Ebisu. Milango sita haikulingana na minne, basi kufikia 2011 yote yalikuwa yametolewa kwenye E231-500 na kuwekwa mengine mapya. Hayakuwa yamefikisha hata miaka kumi.

Mwanareli:
Unaona sasa! Behewa la miaka tisa linatolewa, toleo la miaka 48 linaachwa. Kwa hiyo tukubaliane kwamba umri si sababu. Jukwaa ndilo linaloamua treni iishi au istaafu, na wenye reli wanatuambia "zimezeeka" kwa sababu ni rahisi kueleza.

Na kuna ushahidi mwingine upande wangu. Hayo mabehewa ya kuziba pengo, ya 2010 na 2011, hayakutupwa E231 ilipoondoka. Yalikarabatiwa na kuchomekwa ndani ya E235, behewa namba 10, karibu kila treni. Abiria wa Yamanote anaambiwa yuko kwenye treni mpya kabisa kumbe behewa moja ni la zamani, na hakuna aliyelalamika. Kama moja linawezekana, kwa nini yasiwe mengi?

Fundi Chuma:
Moja linawezekana kwa sababu liliundwa jana tu, kaka. Chukua la 1969 ulichomeke kwenye mfumo wa kompyuta wa E235 uone. Hata mpya kwa mpya shughuli ipo: siku E235 ilipoanza kubeba abiria, 30 Novemba 2015, milango iligoma na treni ikawa inakosea mahali pa kusimama, ikaondolewa siku hiyohiyo. Ilirudi Machi 2016.

Ila kwenye milango ya jukwaani sikupingi wala simpingi dada. Mwaka 2001 pale Shin-Okubo, kwenye hiyohiyo Yamanote, mtu alianguka relini, wawili wakaruka kumwokoa, mmoja Mjapani na mwingine mwanafunzi kutoka Korea Kusini. Wote watatu wakafa. Baada ya tukio kama hilo huwezi kumwambia mtu tusubiri behewa lichakae kwanza ndipo tuweke kizuizi.

Bandari Salama:
Nauliza kitoto. Hizo wanazotoa wanapeleka wapi? Maana magari yao tunayajua yanaishia kwetu. Na nimesoma reli yao ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Si watupe tu?

Fundi Chuma:
Upana ni huohuo kweli, lakini TAZARA ni dizeli. Hizi ni treni za umeme, zinakula volti 1,500 za DC kutoka waya wa juu. Bila waya ni mabanda ya chuma. SGR yetu ina waya, ila ni volti 25,000 za AC na upana wa 1,435. Haziingii kokote.

Aliyebahatika ni Jakarta: upana 1,067, volti 1,500, kila kitu kimekaa. Angalia mnyororo wake. E235 iliingia Yamanote, ikaisukuma E231-500 kwenda njia ya Chuo-Sobu. Za Chuo-Sobu zikasukumwa kwenda Musashino. Zile 205 za Musashino, mabehewa 336, zikapanda meli kwenda Indonesia. Kwa jumla Jakarta ilipokea mabehewa zaidi ya 800 ya toleo hilo. Kwa hiyo Mwanareli, unapoizuia Tokyo isinunue mpya, unamzuia na abiria wa Bogor, mji wa jirani na Jakarta, asipate kiyoyozi.

Mwanareli:
Hiyo ya Bogor umenipiga pazuri, lakini malizia hadithi. Mwaka 2023 wenye treni za Jakarta walitaka kuleta nyingine za mtumba, toleo la E217, serikali ikakataa. Zikaagizwa mpya, nyingine kwa kiwanda chao cha INKA, nyingine China. Hata anayepokea mtumba amechoka.

Na hili hamjaligusa bado. Kiwanda kinachounda E235, J-TREC, ni mali ya JR East wenyewe. Anayetangaza kwamba treni imezeeka ndiye anayeuza mpya. JR West walinunua 323 kwa Kinki Sharyo na Kawasaki, yaani walitoa pesa kwenda nje ya nyumba. Ni ajabu kwamba aliyenunua nje ndiye aliyekaa na treni zake miaka 48?

Fundi Chuma:
Si ajabu, lakini si wizi pia. Kiwanda cha mabehewa hakiwashwi na kuzimwa kama taa. Kaa miaka saba bila oda, wachomeleaji wako wameshatafuta kazi kwingine, na siku ukihitaji mabehewa zaidi ya 500 ya Yamanote kwa mpigo hakuna wa kuyaunda. JR East wamejinunulia uhakika. Umeme uliookolewa ni faida yake, na gharama ni kwamba treni nzuri inaondoka kabla ya wakati wake. Kama una njia ya kupata la kwanza bila la pili, iandike hapa tuione.

Mzee Kipanga:
Na akishaiandika, aniambie pia lile behewa la nane asubuhi watalifanyaje. Mimi bado nasimama kwenye milango minne.