Nani alimpa ruhusa ya kung'oa mche wa mtu huku anaongea na simu?

Mama Vikopo (mleta mada)

Wakuu, leo sina salamu. Salamu tutapeana siku nikiwa na moyo wa kusalimia. Hapa naandika kwa kidole kimoja, vingine vyote vimekunja ngumi.

Mnamjua. Sitaji jina, maana nikitaja atakuja humu na lile gazeti lake la "nidhamu ya kitalu" tusilale. Yule anayeingia kwa mtu akaanza ukaguzi kabla hajaonyeshwa kiti. Yule anayechota udongo wako, anaunusa, anatikisa kichwa, halafu hasemi kitu ili ubaki na mawazo wiki nzima. Haya, mmeshamjua.

Leo kaja kwangu. Kukagua hakualikwa, alikuja kurudisha chepe. Nikamwacha sebuleni nikaenda kumletea maji. Narudi namkuta dirishani, kwenye trei yangu ya pilipili hoho, simu sikioni, anacheka na mtu wake mambo yao. Na mkono wa pili, wakuu, mkono wa pili umemshika Kadogo, mche wangu. Shingoni. Kwa vidole viwili. Akamvuta.

Huku anaongea na simu!

Hakunyamaza hata kidogo. Hata "ngoja mara moja" hakumwambia huyo mwenzake. Kamng'oa Kadogo, kamtupa kwenye ndoo ya taka, kafuta vidole kwenye pazia langu, kaendelea kucheka. Namuuliza wewe, unafanya nini? Akaziba simu kwa kiganja akanijibu: "Huyu alikuwa anakula bure." Akarudi kwenye simu yake.

ANAKULA BURE. Mche wenye majani mawili. Anakula nini? Kuna mtu alishamwona Kadogo na sahani?

Ndiyo, alikuwa mdogo. Wenzake wameshatoa majani halisi manne, yeye bado yuko na yale mawili aliyozaliwa nayo na kakijani fulani katikati. Sikumpanda ili acheze mpira wa kikapu. Nilikuwa namgeuzia upande wa jua kila asubuhi, namwagilia kwa kijiko, nyumba nzima inajua Kadogo haguswi. Mtu anakuja na chepe langu mwenyewe, alilokaa nalo mpaka likaota kutu, ananing'olea mtoto.

Na msiniletee habari za nafasi, sijui mwanga, sijui kugombania chakula. Trei yangu, dirisha langu, maji nachota mimi. Mche dhaifu unakaa. Hoja yangu imeishia hapo.

Lakini huku anaongea na simu? Jamani, hata kuku mtu anamchinja akiwa anamtazama.

Siti ya Mbele

Nimewahi. Nimekaa mbele kabisa, endeleeni.

Jembe Butu

Uzi bila picha ya marehemu haunogi.

Mboji Tupu

Pole sana mama. Namjua vizuri. Kwangu alikuja kunipa pole ya msiba, ananishika mkono wa kulia, wa kushoto unapunguza vichipukizi vya nyanya zangu. Alipoondoka nimebaki na fito.

Nyauka Mapema

Mnamsema yule wa miwani au yule wa buti? Maana wa buti hata wangu aling'oa.

Mama Vikopo

Wa buti.

Nyauka Mapema

NILIJUA.

Shina Moja

Mleta mada, punguza povu kwanza. Adabu hana, hilo tunakubaliana. Ila alichosema ni kweli. Mbegu za pakiti moja, udongo mmoja, zimepandwa siku moja, halafu mmoja anabaki na majani mbegu wakati wenzake wana majani manne? Huyo hata akipona atachelewa maua, atachelewa matunda, na ukifika muda wa kupandikiza, wiki ya 6 hadi ya 8 hivi, utakuwa bado unambembeleza. Kama ana ugonjwa, atawagawia wote. Mimi naweka mbegu mbili kila tundu, nikishaona nani mwenye nguvu, mwingine nakata kwa mkasi usawa wa udongo. Simng'oi, maana ukivuta unaondoka na mizizi ya jirani yake.

Mama Vikopo

Mmeona? Hata huyu katili anatumia mkasi! Yule vidole! Tena macho yapo dirishani anaangalia gari za watu!

Jembe Butu

Mara ya kwanza alikuwa anacheka, sasa anaangalia gari. Kesho tutaambiwa alikuwa anapiga na mluzi.

Mama Vikopo

Vyote alifanya. Kwa pamoja.

Bibi Kitalu

Wanangu, kabla ya kung'oa wala kulia, mtu aulize mche umedumaa kwa nini. Pilipili siyo nyanya. Nyanya ukiipa joto inachomoza ndani ya siku 5 hadi 10. Pilipili inaweza kupita wiki mbili ukadhani umeuziwa mbegu zilizokufa. Inataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30 ndipo iote vizuri. Ukiiweka dirishani usiku kuna ubaridi, haifi, inagoma tu. Ukigeuza jani ukakuta limekuwa la zambarau kwa chini, mara nyingi ni fosforasi haipandi kwa sababu ya huo ubaridi. Sogeza trei penye joto, subiri. Nimeona miche ya namna hiyo ikiamka ikawapita waliokuwa wanaicheka.

Uliorefuka ukawa mwembamba huo una njaa ya mwanga. Kama ni nyanya wala usihangaike, ukipandikiza zamisha shina mpaka karibu na majani, lile shina lililofukiwa litatoa mizizi. Pilipili haina huo ukarimu.

Ila kuna ya kuaga. Ukiona shina limesinyaa na kuwa jeusi pale linapotokea kwenye udongo, hicho ni kinyausi. Ukilala haunyanyuki, toa haraka na udongo wake, na punguza maji, maana ugonjwa huo unapenda rojo. Na mche usio na ncha ya kukulia katikati, kipofu, huo utakaa na majani yake mawili mpaka uchoke wewe.

Sasa mwanangu Vikopo, Kadogo alikuwa na ncha?

Mama Vikopo

Alikuwa nayo bibi! Niliiona jana kwa kioo cha kukuzia! Ya kijani, inang'aa! Alikuwa ndiyo anaanza! Ndiyo anaanza bibi, yule mtu akaja na simu yake!

Jembe Butu

Kioo cha kukuzia. Mche wa kutafutwa na polisi huu. Nacheka kama mazuri.

Siti ya Mbele

Kampa jina, kampa kijiko, kampa kioo. Kilichobaki ni shule.

Fundi Virusi

Mnacheka, mimi naona jambo zito zaidi na hakuna aliyeligusa. Yule wa buti si anavuta sigara?

Nyauka Mapema

Sana. Akizima moja anawashia nyingine.

Fundi Virusi

Basi sahauni habari za Kadogo. Kuna virusi vya batobato ya tumbaku. Vinashika nyanya, vinashika pilipili, na havihitaji mdudu wa kuvibeba, vinapita kwa mikono na nguo na visu. Vinaweza kuwemo kwenye tumbaku ya sigara yenyewe, na kwenye jani kavu vinakaa miaka bila kufa. Mtu ametoka kushika sigara, anashika mche mmoja, halafu anaparaza wa pembeni. Wakulima makini wa nyanya hawamruhusu mvutaji aguse kitu kabla hajanawa kwa sabuni. Wengine huchovya kabisa mikono kwenye maziwa yaliyotolewa mafuta, protini yake inavizuia virusi.

Mama Vikopo

ALIVUTA MLANGONI KABLA HAJAINGIA. Nilimsikia anakohoa! Vidole vile vile viwili! Wakuu, trei yote! Na pazia! Nilifue au nilichome?

Fundi Virusi

Pazia haliugui batobato, mama. Fua. Miche angalia majani mapya: ukiona mabaka ya kijani kizito na kijani chepesi, au yamejikunja, huo mche toa. Dawa ya kuutibu haipo. Sigara kuwepo si lazima virusi viwepo, usipige mayowe kabla ya kuona.

Mama Vikopo

Nimeshapiga.

Shina Moja

Kwa hiyo turudi palepale. Yule dhaifu angekuwa ameshakatwa mapema kwa mkasi, huyu bwana asingekuwa na cha kushika.

Mama Vikopo

Shina Moja, nikuulize kitu mbele ya watu wote. Wewe ndiye yeye?

Shina Moja

Mimi hata buti sina.

Nyauka Mapema

Mwenye buti lazima aseme hivyo hivyo.

Mboji Tupu

Na huyu ndiye pekee anayemtetea tangu uzi uanze. Mimi simo.

Shina Moja

Jamani, mtu akisema ukweli kuhusu miche lazima awe na buti?

Tikiti Maji

Nyinyi mnalilia pilipili moja, njooni muone sisi wa tikiti lisilo na mbegu. Huku miche yote ni Kadogo. Tikiti la kawaida lina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 22, wataalamu wanalitengeneza la 44, wanachavusha haya mawili, mtoto anatoka na 33, hawezi kuzaa mbegu. Mjapani Hitoshi Kihara aliandika habari zake mwaka 1951. Ila mbegu zake zina gamba nene, zinaota kwa kujivuta, mche unatoka na kofia ya gamba kichwani, majani hayafunguki. Ukifuata sheria ya Shina Moja utakata shamba lote. Na bado upande tikiti la kawaida pembeni ili litoe chavua, bila hivyo hupati kitu. Mimi nilipewa pakiti bila kuambiwa habari ya chavua. Aliyenipa bado ananisalimia vizuri tu njiani, hana hata aibu.

Mzee wa Michungwa

Hapo umenena. Na kwenye machungwa kuna lingine. Mbegu moja inaweza kutoa miche miwili mitatu. Ile minene inayofanana mara nyingi ni nakala ya mama mtupu, haina baba. Kile kidhaifu cha pembeni mara nyingi ndicho chenye baba na mama. Anayekuza mashina ya kubebeshea aina nyingine juu yake atakitoa, anataka miti inayofanana. Anayetafuta aina mpya ndiye atakayekibembeleza. Kwa hiyo jibu linategemea unatafuta nini.

Jembe Butu

Kwa hiyo Kadogo ndiye alikuwa mrithi halali. Mama Vikopo, fungua kesi.

Mama Vikopo

Msinitie moto, nafungua kweli. Na shahidi ni yule aliyekuwa kwenye simu.

Papai Tasa

Naomba na mimi nitoe yangu. Kuna mtu, humu yumo, aliniapia kwamba mpapai jike unaujua tangu kwenye kitalu: mnene ndiyo jike, mwembamba ndiyo dume. Nikang'oa wembamba wote. Leo nina msitu wa madume yananing'iniza maua marefu, papai sijaona hata moja la kuweka kumbukumbu. Mpapai huwezi kuujua kwa unene, unasubiri maua. Panda miche mitatu kila shimo, yakitoka maua ndiyo utoe madume, ubakize machache ya chavua. Sasa yule mtu ajitokeze.

Mzee wa Michungwa

Mimi nilisema "inasemekana".

Papai Tasa

KUMBE NI WEWE.

Siti ya Mbele

Uzi umekuwa mtamu mara mbili.

Mboji Tupu

Afadhali wewe uliyedanganywa. Mimi natesekea wanaokuja kuomba miche. Unampa na kikopo chake, anaapa kukirudisha. Ukiuliza, "nilikihifadhia misumari". Nilianza na vikopo vya kutosha, sasa hivi naotesha mbegu kwenye maganda ya mayai.

Nyauka Mapema

Trei ndiyo zaidi. Trei ikivuka mlango wako umeiaga.

Mama Vikopo

Chepe langu je? Hamjasikia nilivyosema limerudi na kutu? Tena mpini wameubadilisha!

Bibi Kitalu

Kutu itoe kwa mchanga na mafuta, mwanangu. Mimi nina langu. Kuna mtu aliazima kinyunyizio changu cha kijani, mdomo wake umefungwa waya, nakijua popote kilipo. Kurudisha harudishi, na kumwagilia hamwagilii, maana miche yake nimepita nimeiona.

Tikiti Maji

Cha kijani au cha bluu, bibi?

Bibi Kitalu

Cha kijani. Kwani wewe hicho cha bluu ulicho nacho ni cha nani?